Mkufunzi wa farasi wa mbio anapoporomoka: ni ujuzi unaoisha au ni farasi wanaoondoka?

Mfuatiliaji

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Naomba mawazo ya wale wanaozijua mbio za farasi kwa undani. Kuna jambo ambalo kila nikilitafakari silipatii jibu la kuniridhisha. Inakuwaje mkufunzi aliyetawala mchezo huu kwa miaka ishirini aporomoke ndani ya misimu michache, hadi watu waanze kumzungumzia kama marehemu ilhali yu hai na kila alfajiri yumo zizini?

Mfano ninaoufikiria zaidi ni wa Henry Cecil wa Newmarket, Uingereza. Alikuwa mkufunzi bingwa mara 10 kati ya 1976 na 1993. Mwaka 1987 pekee farasi wake walishinda mbio 180, na rekodi ya ushindi wa msimu mmoja iliyokuwa imesimama tangu 1867 ikavunjwa. Mwaka 2005 alishinda mbio 12. Zizi lilikuwa lile lile la Warren Place, njia za mazoezi zilikuwa zile zile, na mtu alikuwa yule yule.

Nauliza basi: je, mkufunzi hupoteza ule ujuzi wa kumsoma farasi, kama mchezaji wa mpira anavyopoteza kasi ya miguu? Au kuna mambo mengine ambayo sisi watazamaji hatuyaoni tukiwa nje ya uzio? Nauliza kwa dhati, kwa sababu ninaona wazee hawa wakihukumiwa kwa wepesi mno.

Hatamu

Ndugu Mfuatiliaji, swali lako ni la msingi, na nadhani jibu lake linaanza na jambo ambalo watazamaji wengi hulisahau: mkufunzi si mwenye farasi. Farasi ni mali ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kutuma gari asubuhi yoyote likawachukua wote. Mkufunzi hulipwa ada ya kila siku kwa kila farasi, ambayo aghalabu haizidi sana gharama za malisho, mishahara ya watunzaji, daktari wa mifugo na fundi wa kwato, na juu ya hapo hupata sehemu ndogo ya zawadi farasi anaposhinda. Faida yake halisi imo katika ushindi mkubwa, na ushindi mkubwa unahitaji farasi wa damu bora, ambao wako mikononi mwa watu wachache sana duniani.

Tazama yaliyomkuta Cecil. Mwaka 1995 Sheikh Mohammed wa Dubai aliondoa farasi wake wapatao 40 kutoka Warren Place baada ya kutoelewana kuhusu jeraha la farasi aitwaye Mark of Esteem. Mwaka uliofuata farasi huyo alishinda 2000 Guineas, mojawapo ya mbio kuu za Uingereza, akiwa chini ya Godolphin, zizi la Sheikh huyo huyo. Ukichukuliwa farasi 40 kwa mkupuo, hupotezi hao 40 pekee. Unapoteza pia wadogo zao na watoto wa mama zao ambao wangekuja miaka mitatu au minne baadaye, kwa kuwa familia nzima ya farasi hufuata zizi moja mwenye mali anaporidhika. Ndiyo maana anguko halikuonekana mara moja. Mwaka 1999 Cecil bado alishinda Derby ya Epsom akiwa na Oath, na Oaks, mbio kuu ya farasi jike, akiwa na Ramruma. Mtu aliyetazama vikombe tu angesema mambo ni shwari, ilhali ghala lilikuwa linapungua pole pole.

Kisha wenye farasi wenyewe walizeeka. Louis Freedman, mwenye Reference Point aliyeshinda Derby ya 1987, alifariki mwaka 1998. Lord Howard de Walden, mwenye Slip Anchor wa Derby ya 1985, alifariki mwaka 1999. Hawa walikuwa watu waliozalisha farasi katika mashamba yao kwa miongo mingi na kumpelekea mkufunzi waliyemwamini. Mtu wa aina hiyo akiondoka, warithi mara nyingi huuza. Mwaka 2000 pacha wa Cecil, David, alikufa kwa saratani. Tangu Beat Hollow aliposhinda Grand Prix de Paris mwaka huo hadi mwishoni mwa 2006, hakukuwa na ushindi hata mmoja wa daraja la kwanza, yaani la mbio za juu kabisa, kutoka Warren Place.

Kwa maoni yangu, idadi ya ushindi ni kipimo kibovu cha ujuzi. Anayetaka kumtendea haki mkufunzi aulize kwanza alipewa farasi wangapi, na wa namna gani.

Lijamu

Ninakubaliana na Ndugu Hatamu kwa sehemu kubwa, lakini nisingependa tuwafanye wakufunzi wote wahanga wa matajiri. Kuna anguko linalotokana na maamuzi ya mkufunzi mwenyewe, na lina mifano iliyo wazi.

Michael Dickinson alikuwa maajabu katika mbio za kuruka viunzi. Tarehe 27 Desemba 1982 farasi wake 12 walishinda siku moja katika viwanja mbalimbali vya Uingereza. Mwaka 1983 farasi watano wa kwanza katika Gold Cup ya Cheltenham wote walitoka zizini mwake, jambo ambalo hata leo nikiliandika naona kama sijasoma vizuri. Ndipo tajiri Robert Sangster akamwajiri akafundishe farasi wa mbio za bapa, yaani zisizo na viunzi, huko Manton, katika mkoa wa Wiltshire. Dickinson alitumia muda mwingi na fedha nyingi kuijenga upya sehemu ile na njia zake za mazoezi. Msimu wa 1986 alipata ushindi mara 4 tu, na kabla mwaka haujaisha akaachishwa kazi.

Je, ujuzi ulikuwa umemtoka ndani ya miaka mitatu? Hapana. Alikuwa amekabidhiwa farasi wachanga wa miaka miwili wasio na uzoefu wowote, ambao ni wanyama wa namna nyingine kabisa wakilinganishwa na wale waliopevuka wa viunzi, naye alikuwa mtu wa kujenga taratibu akimtumikia mwajiri aliyehitaji matokeo upesi. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Ninachosema ni kwamba mkufunzi huchagua pia ni mkataba gani autie saini, na baadhi ya maporomoko huanzia mezani kabla farasi hajatandikwa.

Mfano wa pili ni Bart Cummings wa Australia, aliyeshinda Melbourne Cup mara 12. Mwaka 1989 alinunua minadani makumi ya farasi wa mwaka mmoja kwa mamilioni ya dola, akitarajia kwamba vikundi vya wanahisa vingewachukua. Soko likageuka, wanahisa hawakuja, na deni likabaki mgongoni mwake. Hapa Ndugu Mfuatiliaji atapata sehemu ya jibu lake, kwa sababu mtu huyu aliyekuwa amelemewa na madeni alishinda Melbourne Cup ya 1990 akiwa na Kingston Rule, na ya 1991 akiwa na Let's Elope. Mfuko ulikuwa umetoboka, lakini jicho lilikuwa zima kabisa. Mfanyabiashara na mkufunzi ni kazi mbili tofauti zinazobebwa na mtu mmoja, na anayeanguka mara nyingi ni yule wa kwanza.

Mlisha Farasi

Nimefanya kazi ya utunzaji katika zizi ambalo sitalitaja, chini ya mkufunzi aliyekuwa na jina na ambaye mambo yake yalikwenda kombo, kwa hiyo naomba niongeze kile kinachoonekana kutoka ndani.

Dalili ya kwanza haikuwa uwanjani. Ilikuwa kwenye vihori vya chakula. Farasi wa mbio akiwa katika hali njema hulamba kihori hadi kikang'aa, na mtunzaji anayekuja alfajiri hutazama humo kabla hajamtazama farasi. Msimu ule tulianza kukuta shayiri imebaki, kiasi cha viganja viwili hivi, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Joto la mwili lilikuwa la kawaida au limepanda kidogo sana. Macho yalikuwa angavu, na kikohozi kilisikika mara chache tu. Wakienda uwanjani walikimbia vizuri kwa mita 1,000 za mwanzo, kisha wakaisha ghafla kama waliofungwa breki. Yalikuwa maradhi ya njia ya hewa, na yakishaingia zizini huweza kuzunguka miezi mingi, kwa maana farasi wanaingia na kutoka, wanapumua hewa moja na wanabebwa katika magari yale yale.

Mwenye farasi haelezeki jambo hilo kwa urahisi. Yeye anaona farasi mwenye manyoya yanayong'aa akimaliza wa tisa. Mkufunzi mwenye busara hufunga milango na kusubiri, lakini zizi lililofungwa halina zawadi, na ada peke yake haitoshi kulipa watu. Yule wetu aliendelea kuwapeleka mbioni. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwa sababu baadhi ya wenye farasi walikuwa na ankara za miezi kadhaa ambazo hawajazilipa, na kila aliyekumbushwa deni alitishia kuhama. Mkufunzi huwa hana nguvu ya kudai. Akimkamia mdaiwa atapoteza farasi, na akimwachia anamlisha farasi wa mtu kwa fedha zake mwenyewe.

Baada ya hapo wakaondoka wapanda farasi wa mazoezi, wale hodari kwanza. Hili watu wa nje hawalipi uzito unaostahili. Farasi mwenye papara akipandwa kila asubuhi na mikono migumu huharibika tabia, na tabia ikishaharibika hata mkufunzi bora hawezi kuitengeneza kwa kusimama pembeni na darubini. Kufikia wakati huo mzee alikuwa akiamka saa kumi usiku, akipapasa miguu ya kila farasi mwenyewe akitafuta joto kwenye kano, kama alivyofanya siku zote. Mikono yake ilikuwa bado inajua.

Mfuatiliaji

Nawashukuru sana, hasa Ndugu Mlisha Farasi. Habari ya vihori sikuwahi kuisoma popote. Naomba mnisaidie jambo moja zaidi. Wapo waliorudi juu. Cecil mwenyewe alirudi. Ni kitu gani kinachomtofautisha anayerudi na yule anayemalizia kazi yake na farasi watano?

Hatamu

Kwa ninavyoona, tofauti kubwa ni kuwepo kwa mwenye farasi mmoja au wawili waliokataa kuondoka. Kwa Cecil walikuwa Mwanamfalme Khalid Abdullah na familia ya Niarchos. Familia ya Niarchos ndiyo iliyokuwa na Light Shift, farasi jike aliyeshinda Oaks mwaka 2007, wakati Cecil alikuwa tayari anatibiwa saratani. Abdullah ndiye aliyemletea Frankel.

Kuhusu Frankel watu husimulia ule ushindi wa 2000 Guineas wa 2011, alipowaacha wenzake mbali hata kabla ya nusu ya njia. Mimi huvutiwa zaidi na asubuhi za Newmarket. Farasi yule alikuwa na nguvu zinazoweza kumuangamiza mwenyewe, alivuta hatamu na kutaka kukimbia mwendo wote bila kupumzika. Cecil alimweka nyuma ya ndugu yake wa tumbo moja, Bullet Train, na kumpa mpandaji mmoja mtulivu, siku baada ya siku, hadi akajifunza kutulia na kusubiri. Kufikia Oktoba 2012 alikuwa amekimbia mbio 14 na kushinda zote 14. Kazi ile ilihitaji subira ya mtu aliyewahi kufundisha mamia ya farasi, na ilifanywa na mkufunzi ambaye miaka sita tu nyuma alihesabiwa kuwa amekwisha. Cecil alifariki Juni 2013. Nafurahi kwamba aliishi kuyaona.

Lijamu

Naongezea Dickinson, kwa kuwa nilimtaja katika anguko lake. Alihamia Marekani, na mwaka 1996 farasi wake Da Hoss alishinda Breeders' Cup Mile. Farasi huyo akaandamwa na majeraha, akakimbia mara moja tu katika kipindi cha takribani miaka miwili, kisha akairudia mbio hiyo hiyo mwaka 1998 na kushinda tena. Ule utaratibu wa kujenga pole pole uliomponza Manton ndio uliomfaa Da Hoss.

Tusimsahau D. Wayne Lukas wa Marekani. Kati ya 1994 na 1996 alishinda mbio sita mfululizo za Triple Crown, zile mbio tatu kuu za kila mwaka huko: Kentucky Derby, Preakness na Belmont. Nguvu yake, tangu hata kabla ya miaka hiyo, ilitokana na matajiri waliomwachia anunue farasi minadani: Eugene Klein, William T. Young, Bob Lewis. Klein alifariki 1990, Young 2004, Lewis 2006. Baada ya Belmont Stakes ya 2000, Lukas alikaa hadi 2013 bila kushinda mbio nyingine ya Triple Crown, ndipo Oxbow akashinda Preakness. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 88, alishinda tena Preakness akiwa na Seize the Grey, farasi aliyemilikiwa kwa hisa ndogo ndogo na watu zaidi ya 2,000.

Hilo la mwisho nawaombeni tulijadili zaidi, maana naona linagusa moja kwa moja swali la Ndugu Mfuatiliaji. Cummings alinunua farasi kwanza kisha akawasubiri wanahisa. Katika mpango kama wa Seize the Grey, mkufunzi habebi deni la kununua, na hakuna mwanahisa mmoja anayeweza kukasirika usiku na kumwondoa farasi asubuhi. Kampuni inayosimamia hisa bado inaweza kufanya hivyo, sikatai. Hata hivyo, laiti mipango ya namna hiyo ingekuwepo mwaka 1995, nadhani Warren Place isingekaa miaka sita bila ushindi mkubwa, na ningependa kusikia kama Ndugu Mlisha Farasi, aliyeziona ankara zile, anaamini kwamba wanahisa wadogo hulipa kwa wakati kuliko matajiri.