Mjadala: Mganga alazimike kutaja mti anaompa mjamzito?

Kamwene wote, na wakubwa zangu shikamooni.

Niko Kilolo, na ninalolileta hapa limeingia nyumbani kwetu. Mganga wa mitishamba, awe na cheti au asiwe nacho, alazimike kumwambia mgonjwa jina la mti anaompa? Na mgonjwa aweze kulitaja zahanati bila kufokewa? Mimi nasema ndiyo kwa yote mawili. Najua nitapingwa, hata na watu wa ukoo wangu.

Msinione nadharau mgoda, yaani dawa zetu za miti. Bibi mzaa mama alikuwa anachimba dawa, nami ndiye niliyembebea kapu. Akifika kwenye mti haanzi kukata. Anauzunguka kwanza, aone kama kuna mwingine aliyeuchuna karibuni. Gome alilitoa kidogo upande wa mawio, kidogo upande wa machweo, upana wa viganja viwili, kisha anapaka kidonda udongo mbichi. "Ukimzungushia panga umemuua," alikuwa ananiambia. Kwa bibi mti alikuwa "yeye", hakuwa "huo". Na hata dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina chimbuko kwenye mmea: mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua artemisinini ndani ya mmea uliokuwa ukitumika tangu zamani katika tiba za kwao. Anayesema majani ni majani tu hajafikiri sawasawa.

Lakini jani lenye nguvu ya kuponya lina nguvu ya kuua pia, na sisi wa nyanda za juu tulipaswa kulijua hili kuliko wengine kwa sababu tunalima pareto. Lile ua jeupe likifika kiwandani Mafinga linapimwa lina sumu kiasi gani. Ua la kuulia mbu linapimwa, mzizi anaokunywa mama mwenye mimba ya miezi tisa haupimwi na mtu.

Mdogo wangu alikuwa kwenye uzazi wa pili. Jirani alimpa dawa ya kuharakisha uchungu kwenye kikopo cha plastiki kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Alikunywa alfajiri, akapanda bodaboda. Hospitalini (siitaji ni ipi) wakaona uchungu unasuasua, wakamwekea dripu ya kuuongeza. Dawa mbili za kazi moja zikakutana mwilini mwake, na kizazi kikapasuka. Mtoto hakupona. Yeye tulimpata, ila kizazi kilitolewa, na alikuwa na miaka ishirini na sita.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. Aliniambia kwamba mwezi mmoja nyuma, kliniki, alimwona mama mwenzake akipekuliwa mkoba na kusemwa mbele ya watu wote. "Ningesema, wangenifukuza." Nikamfuata jirani, nikamwomba anitajie tu ni mti gani. Akasema ni mti wa bibi yake, hautajwi. Mpaka leo sijui kulikuwa na nini kwenye kikopo kile.

Mtaniambia sheria ipo. Ni kweli, tangu 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza la kusajili waganga. Lakini jirani yetu hajioni kuwa mganga. Ni mama anayejua mti mmoja, na akina mama wa namna hiyo ndio wengi vijijini, wala hawatakaa waende kujisajili.

Tena si wajawazito pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Maana yake kila kijiji kina watu wanaomeza ARV. Kitunguu saumu tu, kikitumika kwa wingi, kilipimwa kikaonekana kushusha kiwango cha sakwinaviri mwilini, moja ya dawa za zamani za VVU. Kama kitunguu kinafanya hivyo, itakuwaje kwa mizizi iliyochemshwa siku nzima?

Karibuni.

*Mzee wa Makete:*
Pole sana mwanangu, wewe na mdogo wako. Ila unaomba kitu kizito. Kuna mti wa milimani ambao wasomi wanauita Prunus africana. Ulaya walijua gome lake linasaidia tezi dume, basi miti ikachunwa Cameroon na Madagascar mpaka ikakauka, na mwaka 1995 mti ukabidi uwekwe chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wazee waliouonyesha walipata nini? Nikikutajia wangu leo, kesho vijana wako msituni na mapanga, na hawatachuna kama bibi yako. Usiri ndio uzio wa mti. Ukiuvunja, utabaki na jina bila mti.

*Nesi, Rungwe:*
Mimi ni wa wodi ya wazazi. Nakubali, tunafoka, na kusoma habari ya mdogo wako kumeniuma. Usiku mko wawili, wazazi wamejaa mpaka wanalala wawili wawili, halafu anakuja mmoja chupa imepasuka, maji ni ya kijani, uchungu haupumziki hata dakika moja, na ndugu wanakuapia hajanywa kitu. Hofu ndiyo inayotufokesha. Lakini ukinitajia jina la mti nitalifanyia nini? Sina mwongozo unaoniambia dawa hiyo inakaa mwilini saa ngapi. Kwangu mjamzito asinywe kabisa.

*Kijana wa Mafinga:*
2011 mzee wa Samunge, Loliondo, aliyesema dawa yake inaponya VVU na maradhi mengine sugu, alitaja mti wake hadharani, mugariga, kikombe shilingi 500. Nchi nzima ikahamia huko, na wapo walioacha ARV. Kutaja kulisaidia nini?

*Mwanzisha mada:*
Kijana, kutaja ndiko kulikowawezesha wataalamu kuuchukua mti na kuupima. Ungekuwa siri, wangepima nini? Walioacha ARV waliponzwa na kuamini kwamba wamepona. Jina la mti halikuwaponza.

Dada nesi, nashukuru kwa ukweli wako. Mwongozo huna, lakini usiku ule wangejua tu kwamba kuna kitu kimenywewa alfajiri, dripu isingewekwa haraka vile. Wangesubiri na kumwangalia. Hata bila jina, "nimekunywa" ingetosha kuanzia. Na "asinywe kabisa" mmeisema miaka yote, wakaendelea kunywa kimyakimya. Hebu kwenye kadi ya kliniki pawe na mstari mmoja tu wa dawa za asili, nesi aulize kwa sauti ile ile anayoulizia kama mtoto anacheza tumboni.

Mzee wangu, hoja yako ndiyo iliyonikalisha. Nimeifikiria tangu jana jioni, na kuhusu msitu uko sahihi. Nimeona mwenyewe miti iliyochunwa mduara mzima, imesimama mikavu. Basi siombi mchanganyiko wala kipimo chako, wala siombi unionyeshe mti ulipo. Naomba jina tu, liende na mama anapokwenda kujifungua.

*Mzee wa Makete:*
Jina lipi sasa? Mimi nauita kwa Kikinga, Mhehe anauita vingine, Mnyakyusa vingine. Huyo nesi akiwa ametoka Usukumani atasikia neno tu.

*Mwanzisha mada:*
Hapo umenishika. Basi liwe tawi, mzee. Tawi dogo lenye majani, hata likinyauka, lifungwe kwenye kitambaa pamoja na kikopo. Nesi aliandikie tarehe alitunze, na mratibu wa tiba asili wa halmashauri alipeleke kwa mtu anayeijua miti. Mti utatambulika bila wewe kutamka neno, wala hakuna kijana atakayejua umeukata wapi.

*Mzee wa Makete:*
Tawi nitatoa. Mzizi hapana. Na huyo nesi aniamkie kwanza ndipo aniulize.