Kampeni za 2022 zilikuachia nini? Tupeane uzoefu kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Agosti 10, 2027

Mzee wa Hema: Nimeamka nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp, "Marafiki wa Mheshimiwa", tena mimi ndiye mweka hazina! Mwaniaji ni yuleyule. Mwaka 2022 nilimpa hema tatu, genereta na viti 200, makubaliano ya mdomo. Vikarudi viti 161, vinne havina miguu. Aliposhindwa simu ikazimwa. Tukaja kuonana matangani, akanishika bega: "Ndugu yangu, sote tulipoteza." Sote? Na viti 39 vya nani? Haya, nanyi semeni yenu.

Tausi: Heri wewe viti.

Boda Mtwapa: Sisi tuliahidiwa mafuta. Tulitiwa ya kwenda tu.

Kipanga: 2027 hayo hayapo, sheria imeweka kiwango cha matumizi.

Karani: Sheria ni ya 2013. IEBC, tume ya uchaguzi, ilitangaza viwango 2021, wabunge wakavikataa. Soma.

Kipanga: Na wewe unamfanyia nani kampeni?

Karani: Macho yangu.

Mama Zuu: Mnagombana na mie niko hai? Mume wangu aliwania udiwani wa wadi. Watu hudanganyika na ile ada ya IEBC, shilingi 5,000 tu. Pesa huishia barazani. Saa kumi na moja alfajiri washafika: huyu karo, huyu sanda, huyu tairi la boda. Nikipika pilau kilo kumi kwa siku, moshi mpaka leo naukohoa. Siku moja narudi kisimani nakuta wanaume wawili wanapima minazi ya marehemu baba yake kwa kamba. Nawauliza, wananitazama kwa huruma. Kumbe ishauzwa! Usiku wa mchujo wa chama, Aprili, tulipiga vigelegele mpaka saa nane. Asubuhi cheti kapewa mwingine. Akasema atasimama huru, bila chama. Hapo hutakiwa saini 500 za wapiga kura wa wadi. Kwa watu wote waliokula pilau yangu, hazikutimia!

Tausi: Subhanallah. Minazi mingapi?

Boda Mtwapa: Saini walitaka wasio na chama, dada. Wengi tulikuta tushaandikishwa vyama hata hatuvijui.

Mama Zuu: Mbona kwenye pilau hamkuwa na chama?

Kipanga: Na mume yuko wapi sasa?

Mama Zuu: Yuko hapa sebuleni. Asema 2027 ni yetu.

Karani: Ficha hati ya nyumba.

Kipanga: Msaidie, huenda akashinda. Mtakula wote.

Mzee wa Hema: Jamani, viti vyangu.

Tausi: Toka kwenye hilo kundi leo.

Boda Mtwapa: Usitoke! Mweka hazina hujilipa kwanza.

Karani: Pesa mkononi ndipo hema isimame. Na kila kiti kiandike jina.

Mama Zuu: Andika la mkeo, la mwanamume hawaliogopi.

Mzee wa Hema: Kashapiga simu. Safari hii ataka hema nne.