Mjadala: Saa ya ziada ikokotolewe kwa mshahara wa msingi peke yake, au kwa malipo yote ya mwezi?

Mleta mada, Igogo

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo katika viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza huibuka kila mwisho wa mwezi hati za mshahara zinapotolewa, kisha huzimika hadi mwezi unaofuata. Wengi wetu tunajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 19, inamtaka mwajiri alipe kila saa ya ziada si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na hiyo moja na nusu ndiyo tunayoishikilia tukidhani hesabu imekwisha. Mimi nasema ugomvi uko kwenye kile kinachozidishwa.

Chukueni mfanyakazi anayepokea shilingi 390,000 kwa mwezi, ambaye mkataba wake umezigawa hivi: mshahara wa msingi 234,000, posho ya nyumba 86,000 na posho ya usafiri 70,000. Saa za kawaida za mwezi, kwa wiki ya saa 45, ni 195. Tukigawanya malipo yake yote kwa saa hizo, kila saa ya kawaida inamgharimu mwajiri shilingi 2,000. Lakini saa ya ziada hukokotolewa kwa msingi peke yake, yaani 234,000 kugawanya kwa 195, ambayo ni 1,200, mara moja na nusu, ambayo ni 1,800. Maana yake ni kwamba saa ya kumi, ambayo mtu anaifanya mikono imekufa ganzi kwa barafu na kisu kimeanza kumkataa, ni rahisi kwa mwajiri kuliko saa ya kwanza ya asubuhi. Sheria iliweka nyongeza ili saa ya ziada iwe ghali na mwajiri afikiri mara mbili kabla ya kuiagiza, ila kwa mgawanyo huu saa ya ziada imegeuka kuwa ya bei ya punguzo.

Swali langu ni hili: je, ni halali na ni haki kwa mkataba kuupunguza msingi na kuzinenepesha posho kiasi hicho?

Karani wa mishahara, Nyakato

Ndugu mleta mada, nafanya kazi hii ya kuandaa malipo, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayoyashika kila mwezi. Kuhusu uhalali, jibu ni kwamba sheria yenyewe, katika kifungu cha 4, imeutafsiri mshahara wa msingi kuwa ni malipo ya kazi iliyofanywa ndani ya saa za kawaida, na imeziondoa posho za kila aina, malipo ya saa za ziada na nyongeza ya usiku. Karani anayeziacha posho nje ya hesabu hajamwibia mtu. Na kwa upande wa haki, posho ya nyumba ni ya nyumba: ukifanya kazi saa mbili zaidi, kodi ya chumba chako haipandi kwa saa hizo mbili, na daladala inayokurudisha nyumbani ni ileile moja.

Mahali ninapoona wafanyakazi wakiumia kweli, tena bila wao kujua, ni kwenye kigawanyo. Jedwali la kwanza la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333, ambazo ni wiki za mwezi wa wastani, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Nne nukta tatu tatu tatu mara 45 ndiyo 195. Lakini wapo wanaochukua siku 30 mara saa 8 wakapata 240, kana kwamba mtu hapumziki hata siku moja kwa mwezi. Kwa mfano wako, msingi wa 234,000 ukigawanywa kwa 240 unatoa shilingi 975, na saa ya ziada inakuwa 1,462 na senti 50 badala ya 1,800. Aliyefanya saa 40 za ziada anapaswa kupata 72,000, yeye anapewa 58,500. Shilingi 13,500 zimepotea na hakuna aliyegombana na mwenzake, kwa sababu kwenye hati imeandikwa "ovataimu x 1.5" na kila mtu ameridhika. Anayetaka kuhakiki asihangaike na jedwali la sheria, kwa kuwa amri za kima cha chini cha mshahara hutaja viwango kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi, na ukigawanya cha mwezi kwa cha saa utakiona kigawanyo chenyewe.

Kuhusu mikataba inayosema kwamba "mshahara huu unajumuisha saa zote za ziada", sharti la namna hiyo haliwezi kushusha kiwango cha sheria, kwa sababu kiwango hicho ni sehemu ya mkataba hata kisipoandikwa, isipokuwa pale ambapo mkataba una nafuu zaidi kwa mfanyakazi.

Mlinzi, Kirumba

Wakubwa, mnajadili posho kwa kuwa mnazo. Sisi wa malindoni tunaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Tulipouliza habari ya ovataimu tuliambiwa kwamba sheria inaruhusu zamu ya saa 12 bila malipo ya ziada, na kifungu cha 21 tukaonyeshwa kabisa. Baadaye nilikisoma mwenyewe hadi mwisho. Ni kweli kinaruhusu saa 12 kwa siku, saa ya kula ikiwa ndani yake, lakini kwa siku zisizozidi tano na saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Huo mkia hawakutuonyesha.

Nimepiga hesabu: hata ukiondoa saa moja ya chakula, ambayo lindoni huliwa jicho likiwa getini, zinabaki saa 11 mara siku 6, yaani 66. Toa 45, za ziada ni 21 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 84, wakati sheria imeweka ukomo wa saa 50 za ziada kwa kila wiki nne. Kwa hiyo hata tukilipwa zote, nyingine hazikupaswa kufanyika. Usiku nao, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, una asilimia 5 ya msingi kwa kila saa. Kwa mshahara wa huyo ndugu wa mfano ni shilingi 60 kwa saa, haifikii bei ya andazi, lakini ni haki yangu na sijawahi kuiona.

Msimamizi wa uzalishaji, Ilemela

Nitasema upande usiopendwa. Sangara hana ratiba. Upepo ukivuma ziwani, mitumbwi inachelewa, na samaki waliotegemewa saa 4 asubuhi wanafika saa 11 jioni, wakiwa kwenye barafu inayoyeyuka. Siwezi kuwaambia wasubiri hadi kesho, kwa sababu minofu ikishuka daraja hakuna mnunuzi wa Ulaya atakayeichukua, na mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, hayalipi mshahara wa mtu. Mkiipandisha bei ya saa ya ziada kwa kuingiza posho, mwajiri hatalipa kama mnavyotarajia, ataongeza vibarua wa siku. Njia iliyopo ni kifungu cha 22, kinachoruhusu saa kukokotolewa kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, zisipite saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki, mradi kuwe na mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi.

Mleta mada, Igogo

Ndugu msimamizi, nakubali kwamba upepo si kosa lako, lakini umetaja saa 4 hadi saa 11 bila kusema zinalipwa vipi. Watu wamevaa mabuti na aproni, wamezuiwa kutoka getini, halafu kwenye karatasi ya mahudhurio kazi inaandikwa imeanza saa 11. Kwangu mimi aliyezuiwa yuko kazini, na tusipokubaliana hapo, kigawanyo cha karani hakina cha kugawanya. Wastani wa mwaka nao ni mzuri pale tu ambapo saa za kusubiri zimeandikwa.

Nimemwelewa karani kuhusu posho na nabadilisha dai langu. Sisemi tena posho ziingizwe kwenye hesabu. Nasema mkataba wa hali bora uweke sharti moja kwamba msingi usiwe chini ya theluthi mbili ya malipo yote ya mwezi. Kwa 390,000 theluthi mbili ni 260,000. Kigawanye kwa 195, zidisha kwa moja na nusu, utapata 2,000 kamili, yaani saa ya ziada inalingana na ya kawaida. Chini ya hapo mwajiri anapata punguzo kwa kutuchosha. Nawe ndugu mlinzi, peleka dai lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikawie, kwa kuwa madai ya malipo yana siku 60.

Karani wa mishahara, Nyakato

Theluthi mbili naiona ina mantiki, ila jiandaeni kwa mazungumzo marefu kuliko mnavyofikiri. Msingi ukipanda, haupandi kwa ovataimu tu. Nyongeza ya usiku hutoka humo, malipo mara mbili ya siku ya mapumziko na ya sikukuu hutoka humo, na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka 10, hukokotolewa humohumo. Mwajiri aliyeweka 234,000 alizipiga hesabu hizo zote siku mkataba ulipoandikwa, na mkienda mezani na ovataimu peke yake atawajibu kwa ovataimu peke yake.