Neno "ila" limenitoa kwenye kundi la ukoo. Hivi tunajua kubishana, au tunajua kuzomeana tu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo povu likizidi mtanivumilia.

Jumapili usiku, kwenye kundi la ukoo lenye watu themanini na kitu, mmoja alirusha habari ya kodi mpya inayopendekezwa. Nikaandika mistari mitatu. Nainakili hapa herufi kwa herufi asije mtu akanilisha maneno: "Mimi kodi hii naiunga mkono, huduma hazijilipi zenyewe. Ila tungeonyeshwa kwanza iliyokusanywa mwaka jana ilitumikaje. Mwenye taarifa hiyo atuwekee." Basi. Hakuna tusi, hakuna jina la chama, hakuna jina la kiongozi.

Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Kumbe na wewe anko ni chawa." Huyo ni mpwa wangu, yuko upande wa wanaopinga kila kitu. La pili lilitoka kwa baba mdogo, aliye upande wa pili kabisa: picha ya nyumbu, bila neno. Ndani ya dakika kumi na moja (nimehesabu, saa zimeandikwa pale) nikawa chawa na nyumbu kwa pamoja. Mdudu anayenyonya na mnyama anayefuata mkumbo, wote ndani ya mwili mmoja wenye shinikizo la damu.

Halafu mvua ikafunguka. "Umelipwa na nani?" "Siku hizi umebadilika sana." "Ukipewa cheo utanyamaza." "Watu kama ninyi ndio mnaoturudisha nyuma." Meseji arobaini na moja. Nimezisoma zote, mara mbili, nikitafuta hata moja iliyogusa swali langu: iliyokusanywa mwaka jana ilitumikaje? Hakuna. Upande mmoja walifika kwenye "naunga mkono" wakafumba macho. Upande wa pili waliruka mpaka "ila" wakaanzia hapo. Katikati ya maneno hayo kulikuwa na mtu mzima aliyefikiri kabla ya kuandika, wakampita kama nguzo ya umeme.

Shangazi akaingia: "Wanangu, tuheshimiane, siasa zitatugawa." Na admini wa kundi, binamu yangu, akanitoa. Sababu aliyoandika nimeletewa na mdogo wangu kwa picha ya skrini: "Kwa ajili ya amani ya familia." Yaani aliyeitwa chawa katolewa, walioita wamebaki. Wamo humo mpaka leo wanatumiana salamu za asubuhi zenye maua.

Sasa kinachoniuma siyo kutolewa. Ni hilo neno "tuheshimiane". Limegeuzwa kizibo. Halitamkwi wakati mtu anatukanwa, linatamkwa wakati mtu ameuliza jambo ambalo majibu yake yanasumbua. Mkidhani ni la ukoo wetu tu, mtazameni Bunge la Uingereza. Julai 2021 mbunge Dawn Butler alisimama akasema Waziri Mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge zaidi ya mara moja. Akatakiwa afute kauli, akagoma, akaamriwa atoke. Kanuni za pale hazimruhusu mbunge kumwita mwenzake mwongo. Yeye mwenyewe alisema palepale kwamba ni kichekesho mtu kuingia matatani kwa kuutaja uongo. Sisemi kanuni ile haina kazi. Bunge ambalo kila mtu anamwita mwenzake mwongo litamaliza mwaka halijapitisha hata muswada mmoja. Lakini ona jinsi ilivyofanya kazi siku ile: mlango ulimfungukia aliyelalamika, na hoja yake ikabaki sakafuni.

Heshima ninayodai mimi ni ndogo mno, wala haihitaji lugha laini. Nisome mpaka mwisho. Jibu nililosema. Ukimaliza, niambie nimekosea, kwa sauti ya juu ukitaka, nibishie mpaka nitoke jasho. Sijawahi kuudhika kwa kubishiwa. Naudhika kuona mtu anapigana na kivuli kisha anakisema kivuli kile ni mimi.

Najua atatokea mkuu mmoja aseme chawa na nyumbu ni utani wa mjini, nimekuwa mwepesi wa kuumia. Sawa. Lakini fikiria mdudu anafanywa nini. Mdudu hajibiwi hoja, anapondwa au anapuliziwa dawa. Ukishamwita mtu mdudu umejiondolea kazi ya kumjibu, na hiyo ndiyo raha yenyewe ya neno hilo. Rwanda, redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993 ikiwaita Watutsi mende. Mwaka 1994 hakuna asiyejua kilichofuata. Na msinilishe maneno tena: sifananishi kundi letu la ukoo na redio ile. Nasema tu kwamba njia ya kumtoa mtu kwenye ubinadamu huanza kwa jina, na jina huanza kama kichekesho.

Na ninyi mlionifuata pembeni, nina neno na ninyi pia. Nimepokea meseji saba za faragha. "Pole kaka, ulikuwa na hoja." "Usijali, ndivyo walivyo." Saba! Mbona pale kundini palikuwa kimya kama msibani? Watatu kati yenu mko upande uleule wa waliokuwa wananitukana, na nyie ndio mliokuwa na uwezo wa kusema "hapana, hajasema hivyo" mkasikilizwa. Mimi nikijitetea naonekana najitetea. Mwenzao akinitetea, wanashtuka.

Oktoba 2008, John McCain akiwa mgombea urais wa Marekani alikuwa na mkutano kule Minnesota. Mama mmoja akashika kipaza sauti akasema hamwamini Obama, ni Mwarabu. McCain akatikisa kichwa, akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwa mama, akasema hapana, yule ni mtu mwema wa familia, raia ambaye mimi natofautiana naye kwenye mambo ya msingi. (Jibu lenyewe lina kasoro, utadhani Mwarabu hawezi kuwa mtu mwema, na wapo waliomsema kwa hilo.) Siku hiyohiyo wafuasi wake walimzomea kwa kuwaambia hawana sababu ya kumwogopa Obama. Alikuwa anahitaji kura za watu walewale waliomzomea, na mwezi uliofuata akashindwa. Ninyi saba hamkuwa mnagombea chochote. Mlikuwa mnaogopa emoji.

Kuna mzee mmoja jirani yangu. Tumepingana kisiasa tangu nimfahamu, na sidhani kama kuna uchaguzi hata mmoja tuliowahi kupigia kura mtu mmoja. Huyu mzee ana tabia iliyokuwa inanikera mwanzoni. Ukimweleza jambo hakujibu. Anakunja kidole gumba, anasema: "Kwa hiyo wewe unasema hivi..." anarudia maneno yako kwa namna yake, halafu anauliza, "Nimekupata?" Ukisema hapana, anakunja kidole cha pili na kuanza upya. Haruki kwenye hoja yake mpaka umekubali.

Jumatatu, bado nimevimba kwa ya Jumapili, nilikwenda kwake na suala lilelile la kodi. Yeye haitaki kabisa. Kidole cha kwanza, akanikosa: akasema nataka watu watozwe kwanza, hesabu zije baadaye. Nikamwambia hapana. Cha pili, akanikaribia. Cha tatu akasema: "Wewe kodi huiogopi, unachoogopa ni kuzoea kulipa bila kuuliza, kwa sababu mtu akishazoea haulizi tena." Nikabaki mdomo wazi. Ndicho nilichokuwa nataka kusema Jumapili na sikukisema vizuri hivyo. Kisha, baada ya kunijengea hoja yangu ikasimama wima, akaanza kuibomoa, tofali moja baada ya jingine, kwa saa nzima. Hatukukubaliana. Nimeondoka pale bado naiunga mkono ile kodi, naye bado haitaki. Lakini nililala usingizi, jambo ambalo Jumapili halikuwezekana.

Baadaye nimekuja kusoma kwamba mwanahisabati Anatol Rapoport alishapendekeza utaratibu wa namna hii mwaka 1960: kabla ya kumbishia mpinzani wako, ueleze msimamo wake mpaka yeye mwenyewe akubali umeueleza sawasawa. Mzee wangu hajawahi kumsikia Rapoport. Nilipomtajia akauliza kama naye alikuwa anakunja vidole.

Na asije mtu akaniambia hayo ni ya wazee wenye muda, kwenye mambo mazito hayawezekani. Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1996, kesi ya chuo cha kijeshi cha Virginia kilichokuwa kinapokea wanaume peke yao. Majaji saba waliamua kuwakatalia wanawake ni kinyume cha katiba, na hukumu ikaandikwa na Ruth Bader Ginsburg. Mmoja tu alipinga, Antonin Scalia. Hawa wawili walipingana karibu katika kila kesi kubwa inayogawa watu, na walikuwa marafiki wa miaka mingi. Scalia alifanyaje? Alimpelekea Ginsburg rasimu ya hoja zake za kupinga mapema, kabla hata hajaisafisha, ili mwenzake apate muda wa kutosha wa kuijibu. Ginsburg alikuja kusimulia kwamba rasimu ile ilimharibia wikiendi, lakini hukumu yake ikatoka bora zaidi kwa sababu yake.

Tulieni hapo kidogo. Mtu anajua atashindwa, kura moja kwa saba, halafu anampa mpinzani wake silaha zake zote azikague mapema. Na msidhani Scalia alipaka asali. Alichoandika ni kikali mpaka leo. Hakulegeza, Ginsburg hakulegeza, hawakukutana katikati. Hii ndiyo sehemu ambayo wahubiri wetu wa "tuheshimiane" hawaielewi kabisa, wao wanadhani kuheshimiana ni kila mtu apunguze hoja yake nusu ili tukae vizuri. Scalia hakupunguza hata koma. Alichokataa kufanya ni kushinda kwa kuvizia.

Mipaka ipo, naijua. Anayesema watu wa kabila au dini fulani hawafai kuishi sitamkunjia vidole, huyo nitafunga mlango. Lakini mpwa wangu siyo huyo, na baba mdogo siyo huyo. Hao ni watu ninaowapenda, ambao wamefundishwa kwamba kujibu ni kushindwa.

Sasa niseme la aibu, maana nimeshaanza. Jana usiku, nikitafuta kwenye simu ushahidi wa jinsi huyu binamu admini alivyo na upendeleo, nilirudi nyuma sana kwenye mazungumzo yetu ya pembeni. Nikakutana na meseji yake ya miaka miwili iliyopita. Alikuwa ameuliza, kwa upole kabisa, kwa nini upande wangu unalalamikia matokeo ya uchaguzi lakini siku ya kuhakiki daftari la wapiga kura hatuonekani. Swali zuri. Swali ambalo hata leo sina jibu lake la kueleweka. Chini yake kuna jibu langu, nimeliandika dakika moja baadaye: "Watu kama ninyi hamuwezi kuelewa." Na kikaragosi cha kucheka. Hakuandika tena kitu kuhusu siasa kwangu tangu siku hiyo. Nilikuwa nadhani amenikubali.

Hilo halimpi haki ya kunitoa, nashikilia palepale. Lakini nimekaa na simu mkononi zaidi ya nusu saa.

Najua wengine mtasema uzi mrefu, fupisha. Kifupi nilikiweka Jumapili, mistari mitatu, mmeona kilichonipata.

Asubuhi hii nimemwandikia binamu. Sikuomba kurudishwa. Nimeandika: "Ulichoniuliza mwaka juzi ni hivi: tunalalamikia matokeo ilhali kwenye daftari hatuhakiki majina yetu. Nimekupata?" Tiki mbili za bluu tangu saa tatu. Inaonyesha anaandika, inaacha, inaonyesha tena anaandika.

Na bado natafuta mwenye taarifa ya iliyokusanywa mwaka jana ilitumikaje. Wa upande wowote. Atuwekee.