Ushauri: La Haine kwa wanafunzi, sabtaito hazisomeki na zinachelewa

Mwalimu_Kijana: Wakuu, heshima kwenu. Klabu yetu ya Kifaransa inataka kuonyesha filamu ya Kifaransa La Haine ya Kassovitz (1995) kwa kidato cha tano na sita. Tuna projekta na laptopu yenye VLC, programu ya kuchezea video. Sabtaito (maandishi ya tafsiri chini ya picha) nyeupe zinapotea ukutani, na zinaanza vizuri lakini kadiri picha inavyokwenda zinazidi kuchelewa. Halafu, niwaeleze nini kabla?

Fundi_Projekta: Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo maandishi meupe yakikuta anga au ukuta wa ghorofa yanamezwa. Kwenye mipangilio ya VLC, sehemu ya sabtaito, weka njano na kingo nene, kisha funga programu uifungue upya.

Kuchelewa kunakoongezeka ni suala la fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Video yako ni ya fremu 25 kwa sekunde, sabtaito zimepimwa kwa 23.976. Zinaachwa kama sekunde mbili na nusu kila dakika. Usihangaike na G na H: vitufe hivyo vinasogeza maandishi yote kwa kipimo kilekile, baada ya dakika tano uko palepale. Fungua faili la sabtaito kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri sabtaito, badili fremu kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) ili é na ç zisigeuke madudu.

Bi_Sinema: Mwalimu, anza na Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 kutoka Zaire, aliyepigwa risasi na askari ndani ya kituo cha polisi Paris, Aprili 1993. Filamu ilizaliwa hapo. Wasipojua hilo watamwona Vinz, mmoja wa vijana watatu wa filamu hii, mkorofi tu.

Saa zinazotokea kwenye skrini zisomwe kizungu: 10:38 ni saa nne na dakika 38 asubuhi. Wape pia maneno ya mtaani *keuf* (polisi) na *meuf* (mwanamke) mapema, vitabu vya shule havina. Ukitaka mapumziko, simamisha pale vijana hao wanapofika Paris, baada ya ile shoti ambayo jiji nyuma yao linabadilika ukubwa wao wakiwa palepale: kamera inasogea huku lenzi ikivutwa. Hiyo peke yake ni mjadala wa nusu saa.

Kuna matusi mengi, bangi na risasi. Mkuu wa shule aione kwanza.

Mwalimu_Kijana: Asanteni sana. Nimebadili faili, mwanzo uko sawa.

Fundi_Projekta: Mwanzo ulikuwa sawa hata jana, mkuu. Ruka hadi dakika ya 80 uangalie midomo.