Spika za mkesha wa kanisa jirani: je, upendo wa Kikristo unanitaka ninyamaze?

Mama Wawili, Mbeya
Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwenu wanajukwaa wa dini zote. Mimi ni Mkatoliki, na dirisha la chumba anacholala mama mkwe wangu linatazamana na kanisa dogo la kilokole. Kila Ijumaa hufanyika mkesha unaoanza saa tatu usiku na kuendelea hadi alfajiri, na spika zimefungwa nje, chini ya paa, zikielekea kwetu. Mama anaumwa presha, tunamuuguza hapa nyumbani, na usiku huo hapati usingizi hata kidogo. Mume wangu anataka twende kushtaki serikali ya mtaa. Mimi nasita, kwa kuwa kwenye jumuiya tunafundishwa kuchukuliana, na waumini wale ni watu wema: tulipofiwa, ndio waliotuletea maji na kuni kabla hata ndugu hawajafika. Je, kumpenda jirani ni kuvumilia jambo hili, au ninauita uvumilivu kile ambacho kwa kweli ni woga wa kuonekana mbaya?

Katekista Mstaafu
Milele amina, mwanangu. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo Bwana Yesu aliitaja kuwa ya pili kwa ukuu, imo katika Mambo ya Walawi 19:18. Ni wachache wanaosoma aya inayoitangulia, ambayo inakataza kumchukia ndugu yako moyoni na papo hapo inaagiza usiache kumkemea jirani, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Aya hizo mbili zimefuatana, na sidhani kama tuna haki ya kuzitenganisha. Nimesuluhisha ugomvi mwingi wa majirani, na uliokuwa ukinisumbua zaidi ni ule ambao mmoja amenuna miezi mingi na mwenzake hana hata habari kwamba amekosa.

Utaratibu wenyewe umo katika Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia uchukue mtu mmoja au wawili, kisha ndipo jambo lifikishwe kwa kanisa. Kwenda serikali ya mtaa si dhambi, lakini kuanzia huko ni kumshtaki mtu ambaye hajaambiwa kosa lake. Ukishafanya sehemu yako na amani isipatikane, kumbuka kwamba Paulo mwenyewe, katika Warumi 12:18, aliandika “kama yamkini, kwa upande wenu”. Upande wa pili hukukabidhiwa wewe.

Mzee wa Kanisa
Shalom. Mimi ni mpentekoste, na ninaomba niseme kwa niaba ya tunaokesha. Hatufanyi hivyo kwa kuwakomoa majirani. Wengi wetu ni vibarua na wachuuzi wa sokoni, na usiku ndio muda tulio nao. Paulo na Sila waliomba na kumwimbia Mungu usiku wa manane gerezani, na wafungwa wakawa wanawasikiliza (Matendo 16:25). Hata hivyo nakiri kwamba hawakuwa na spika. Kwetu, jirani alipotueleza kwa upole, tulizihamishia spika ndani, na ikifika saa nne usiku tunazima kinanda na kuomba kwa sauti zetu wenyewe. Baadhi ya waumini walinung'unika kwamba tunaionea haya Injili. Mchungaji aliwasomea 1 Wakorintho 8, pale Paulo anaposema kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama hata milele, kisha akawauliza kama spika ni takatifu kuliko nyama.

Afisa Mazingira
Mume wako naye asibezwe. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, imekuwa ikizikumbusha baa na nyumba za ibada pia. Mgonjwa wenu ana haki ya kulala, na kuidai haki hiyo hakumfanyi mtu kuwa adui wa dini.

Jirani wa Msikiti
Mimi ni Mwislamu, na ninamuunga mkono Katekista. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, tumeamrishwa kumtendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali, bila kubaguliwa dini yake. Adhana ni ya dakika chache, lakini mawaidha ya spika yanayoendelea hadi usiku mwingi yanatukera hata sisi wenyewe, tena tunaona haya kusema. Dada, mwambie mchungaji habari za mgonjwa kabla ya kumwambia habari za kelele. Huenda hajui kama yupo.

Mama Wawili, Mbeya
Nimewashukuru sana, na kweli sidhani kama wanajua kuhusu mama. Nimemsihi mume wangu asubiri kwanza. Nimepanga kwenda Jumamosi hii asubuhi, lakini sijui kama niende naye au peke yangu, maana akikasirika hajui kuficha.

Mzee wa Kanisa
Mpitie mke wa mchungaji kwanza, uende naye nyumbani kwao wala si kanisani, na mume wako abaki na mgonjwa. Ila usiende Jumamosi asubuhi. Mchungaji atakuwa ametoka kwenye mkesha na amelala. Nenda saa kumi jioni.