Ushauri: rangi ya asali kwenye duka la mtandaoni inageuka tope kwenye simu ya mteja

Mchoraji_Sinza
Wakuu heshima kwenu. Natengeneza duka la mtandaoni la mama mmoja hapa Sinza anayeuza asali ya Tabora. Ni ile asali ya miombo, nzito na yenye giza kiasi, siyo ya njano inayong'aa. Nikataka rangi kuu ya tovuti itoke ndani ya chupa yenyewe, nikachagua hudhurungi ya asali, namba yake ya rangi kwenye kompyuta ni #CC7722. Kwenye laptopu yangu inapendeza sana. Mama akifungua kwenye simu yake pale dukani anasema ni kama tope, na maneno meupe ya "Agiza sasa" kwenye kitufe anayasoma kwa tabu. Chini ya ukurasa nimeweka usuli mweusi, na hapo rangi ileile anaiita chungwa! Namba ni moja, nimehakikisha.

Sitaki kukimbilia kijani kama kila anayeuza vitu vya asili. Nibadili namba au tatizo liko kwingine? Halafu kuna lebo za chupa zinazochapishwa Kariakoo, nazo zinatakiwa zifanane na tovuti. Nawasilisha.

PikseliKwaPikseli
Mkuu, namba yako haina shida. Skrini haina taa ya hudhurungi. Ina nyekundu, kijani na bluu tu, na hudhurungi unayoiona ni chungwa iliyopunguzwa mwanga. Jicho huamua kwa kulinganisha na kilicho jirani. Jirani akiwa mweupe pe, rangi yako inaonekana nzito na chafu. Akiwa mweusi, inawaka na kurudi kuwa chungwa. Chora miraba miwili ya #CC7722, mmoja juu ya nyeupe, mwingine juu ya nyeusi, uone mwenyewe.

Kwa hiyo shughulika na majirani kwanza. Ondoa nyeupe kali, weka krimu nyepesi kama #FFF8E7. Chini toa nyeusi, weka hudhurungi iliyokolea. Hapo asali itakaa kama asali juu na chini.

DadaWaUI
Nakubaliana na mkuu hapo juu, lakini krimu haitaokoa kitufe. Nyeupe juu ya #CC7722 inatoa kontrasti (tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na usuli) ya takriban 3.4 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, kiwango cha AA, unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani pointi 18, au 14 zikiwa nene. Maneno madogo ya kitufe hayafiki. Nyeusi juu ya rangi hiyohiyo inapita 6, kwa hiyo maneno meusi yanafaa kabisa.

Ukitaka yabaki meupe, usitafute rangi mpya. Fungua HSL, yaani namna ya kuandika rangi kwa namba tatu: aina ya rangi kwa nyuzi za duara, ukolevu na mwangaza. Yako iko nyuzi 30, ukolevu asilimia 71, mwangaza asilimia 47. Acha namba mbili za mwanzo zilivyo, shusha mwangaza hadi asilimia 28. Nyeupe itapita 7 kwa 1, na bado ni ukoo uleule. Mimi ningeacha #CC7722 kwa mistari, aikoni na pembeni mwa picha, na hii ya giza kwa vitufe na vichwa vya habari. Rangi hii ni nzuri mno, ila ukiipaka kila mahali inachosha macho.

Mtaalam wa Mwenge
Mwambie mama azime ile hali ya usiku ya simu kabla hujabadili chochote. Inapunguza bluu na kufanya krimu zote ziwe za manjano. Halafu toka naye nje saa saba mchana, simu iwe juani. Wateja wake wengi watafungulia barazani au kwenye daladala, siyo kwenye chumba chenye pazia kama chako.

Mchoraji_Sinza
Asanteni sana. Nimeshusha mwangaza kama dada alivyosema, kitufe kinasomeka hata juani. Swali moja: alama ya "imelipwa" niliyoweka ya kijani ibaki?

DadaWaUI
Ibaki, ila isitegemee rangi peke yake. Wapo watu ambao kwao kijani na hudhurungi hazitofautiani. Weka alama ya vema na neno lenyewe.

FundiLebo
Kuhusu Kariakoo: ukibadilisha #CC7722 kimahesabu kwenda wino nne za uchapishaji (CMYK), unapata asilimia hizi: samawati 0, majenta 42, njano 83, nyeusi 20. Usipeleke hivyo kichwakichwa. Nyeusi hiyo ikipigwa kwenye karatasi isiyong'aa inaweza kuzima rangi yote. Omba nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile ya lebo, nyingine ikiwa na nyeusi 10, kisha zibandike kwenye chupa iliyojaa. Asali ya ndani ndiyo jirani wa lebo yako, na ile ya Tabora ina giza lake. Mama achague akiwa ameishika chupa mkononi.

Mchoraji_Sinza
Jumamosi naenda naye, tutachukua na chupa.